Taa Nikaibandika Selotepu, Mke Wangu Nikampa Panadol

Kwa karibu miezi miwili gari na mke wangu walikuwa wanalalamikia jambo lilelile. Mimi nilikuwa bize kuwanyamazisha.

WANAUME tuna ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini. Kitu kikianza kulalamika hatuulizi kinalalamikia nini, tunatafuta namna ya kukinyamazisha. Bomba likivuja tunafunga kitambaa. Mtu anayetudai akipiga, tunazima simu. Na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi... subiri nikusimulie.

Hadithi hii inaniaibisha kidogo. Mke wangu ameniruhusu niiandike kwa sharti moja tu, kwamba nisijipe sifa ambazo si zangu. Nimekubali, kwa sababu hata nikitaka kujipa sifa hapa sijui ningeanzia wapi.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye ndoa, na miezi mitano tu na gari. Gari lenyewe dogo, la Kijapani, cc 1,300, lililotumika. Yeye alitoa pesa za mchezo wa ofisini kwao, mimi nikaongezea mkopo. Sote tulikuwa tunafanya kazi Posta na tunakaa Tegeta, kwa hiyo gari lilikuwa kama sebule yetu ya pili. Asubuhi tunatoka kabla jua halijachomoza, jioni tunarudi na foleni ya Morocco na Mwenge, madirisha juu, kiyoyozi kinapuliza, redio inaongea. Na mwenzangu alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Kwa kifupi, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ndipo siku moja, tukiwa tumesimama kwenye foleni, ikawaka ile taa ya rangi ya machungwa yenye umbo la injini.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Taa tu," nikajibu. Ndiyo, nilijibu hivyohivyo.

Selotepu ya bure

Kesho yake nikampitia fundi mmoja wa kando ya barabara. Kijana mchangamfu, ana kimashine chake cha kusomea. Akachomeka chini ya usukani, akabonyeza, taa ikazimika. "Bosi, nimeifuta." Nikampa elfu kumi, nikaondoka nimejaa furaha. Baada ya siku chache taa ikarudi.

Nikamrudia. Safari hii akasoma kwenye kioo, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "P0420. Masega yameisha, bosi." Akanipa njia mbili. Ya kwanza, nifunge masega mapya kwa laki sita na nusu. Ya pili, ayakate, aache bomba tupu, halafu yeye ndiye anipe mimi laki moja na nusu, maana masega ya zamani yana soko. Na taa je? Akacheka, akachomoa kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, akakibandika pale pale kwenye dashibodi. "Hiyo ya bure, bosi. Wewe kajifikirie."

Nikaenda kujifikiria. Laki na nusu mkononi, mtoto anakuja, kitanda chake hatujanunua. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mwisho wa mwezi yakatwe.

Wakati huohuo mwenzangu alikuwa ameanza kulalamika kichwa. Tukifika nyumbani anajitupa kwenye kochi, kichwa kinagonga, moyo unamchafuka. Mimi, mtaalamu wa kila kitu, nikatoa jibu: "Ni mimba hiyo, mpenzi. Zote ziko hivyo." Nikampa Panadol na maji. Siku ya pili Panadol. Wiki ya pili Panadol.

Unaona nilichokuwa nafanya? Mimi sikukiona.

Taa yenyewe inasema nini?

Kabla sijaendelea, tuifahamu hii taa, kwa sababu wengi wetu tunadhani imewekwa ili kuwatajirisha wauza spea. Asili yake ni moshi. Jiji la Los Angeles, Marekani, lilikuwa linafunikwa na ukungu mchungu uliowachoma watu macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ukungu ule unatengenezwa na mvuke na moshi wa magari na viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua. Jimbo la California likaanza kubana sheria. Kuanzia magari ya mwaka 1988 likataka gari lijichunguze lenyewe na kuwasha taa likiona kasoro, na mwaka 1996 mfumo ulioboreshwa ukawa lazima kwa magari mapya yote madogo yanayouzwa Marekani. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Kwa hiyo taa hii haina habari na breki wala matairi. Inaangalia injini na kile kinachotoka nyuma.

Sasa masega. Ukiyapasua utaona kwa nini mafundi wetu wameyaita hivyo: ndani kuna vijitundu vingi kama sega la nyuki, vimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana ya zamani yana soko! Moshi wenye sumu ukipita humo, ukiwa moto vya kutosha, kaboni monoksidi na mabaki ya petroli hugeuzwa kuwa kaboni dayoksidi na mvuke wa maji, na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Adui wake mkubwa wa zamani alikuwa risasi kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006, hivyo leo masega yana nafasi ya kuishi miaka mingi hata hapa kwetu.

Kwenye magari mengi ya kisasa kuna sensa mbili za oksijeni kwenye bomba, moja kabla ya masega na moja baada yake. Ya mbele inaiambia kompyuta ya gari, ambayo mafundi wanaiita kontroboksi, kama mafuta ni mengi au machache kulingana na hewa. Ya nyuma inakagua kazi ya masega. Masega yakiwa mazima, ya nyuma hutulia. Ikianza kurukaruka, kompyuta inaandika P0420, yaani "kazi ya masega hainiridhishi".

Haijaandika "nunua masega". Hapo ndipo wengi tunaliwa.

Kalenda ya mke wangu

Jumamosi moja jioni mwenzangu alikuja kukaa karibu yangu na simu yake mkononi. Kumbe wiki tatu zote alikuwa anaweka alama kwenye kalenda kila siku kichwa kilipouma.

"Angalia," akasema. "Jumapili hakiumi. Siku mbili ulizosafiri nikapanda daladala, hakikuuma. Ile siku tuliyoondoka ofisini mapema barabara ikiwa nyeupe, hakikuuma. Kinauma siku za foleni. Mimba haijui foleni."

Nikabaki mdomo wazi. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi siku za foleni nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kupita kiasi na kichwa kizito. Nilidhani ni bosi wangu.

Tukatoka hadi kwenye gari. Akakaa upande wa dereva, akawasha, akanusa, akaangalia dashibodi. Akaiona selotepu. Akaibandua polepole kwa kucha, na taa ikamng'aria usoni.

"Hii umeificha tangu lini?"

Ndugu msomaji, kuna maswali ambayo hayana jibu zuri. Nilijaribu kueleza kuhusu laki sita na nusu, kitanda cha mtoto, kutomtia wasiwasi. Hakupiga kelele, na ndicho kilichoniumiza. Alisema tu: "Gari tumenunua wawili. Tatizo ukalichukua peke yako, halafu hata wewe hukulishughulikia." Akaingia ndani. Usiku ule tulilala kila mtu anaangalia ukuta wake.

Mzee wa Ilala

Jumatatu yeye akaenda kazini kwa daladala, mimi nikapeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji Ilala, njiani madirisha yote chini. Huyu hakukimbilia kimashine. Alianza na maswali: taa ilianza lini? Ilikuwa kwenye mwendo au mmesimama? Mafuta yanakwendaje? Kuna aliyeifuta?

Nilipomtajia kichwa cha mke wangu na mimba yake, akazima injini papo hapo. "Mwanangu, gari hii mama asiipande mpaka niseme mimi. Iache hapa ilale, kesho asubuhi nataka niiwashe ikiwa ya baridi."

Ndipo akachomeka mashine yake. Kumbe namba zilikuwa mbili. Kulikuwa na P0420, na kulikuwa na P0171, inayosema kwamba kwa hesabu za kompyuta mafuta ni machache, hewa ni nyingi. Yule kijana alinisomea moja tu. "Bahati yako safari ya pili alibandika badala ya kufuta," mzee akasema. "Ukifuta unafuta na ushahidi." Akanionyesha kwamba kompyuta hutunza hata kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kosa lilipoandikwa: gari limesimama, mwendo sifuri, injini ya moto. Foleni!

Akaniita nione takwimu. Gari likiwa limesimama linanguruma, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 22 zaidi ya kawaida. Akikanyaga hadi mizunguko 2,500, nyongeza inashuka hadi asilimia 6. Akaeleza kwamba namna hiyo mara nyingi ni hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Akaanza na mipira ya hewa upande wa kuingizia. Mizima. "Basi tutatazama upande wa kutokea."

Asubuhi ya pili akaiwasha ikiwa baridi. Akainamisha kichwa kwenye boneti, akaniambia nisikilize. Chini ya mngurumo kulikuwa na kisauti: tsk, tsk, tsk. Akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo ambapo manifodi ya ekzosti inakutana na bomba, kabla chuma hakijapata moto. Mapovu yakachemka kama sufuria ya uji. Pembeni pana masizi meusi, na bolti moja imekatika. Gasketi imeliwa.

Hapo akanipa somo ambalo sitalisahau. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Pigo linapokuja, moshi unasukumwa nje kupitia ufa. Kati ya pigo na pigo, hewa ya nje inanyonywa ndani kupitia ufa uleule. Ile hewa ilikuwa inazidanganya sensa: ya mbele ikadhani mafuta ni machache, kompyuta ikamwaga zaidi, hesabu za ya nyuma nazo zikavurugika. Na moshi uliokuwa unatoka nje? Huo haujafika bado kwenye masega. Ni mbichi, na kaboni monoksidi yake yote. Kiungo chenyewe kilikuwa nyuma ya injini, chini kidogo ya pale chini ya kioo cha mbele ambapo hewa huingia kwenda ndani ya gari.

Gari likitembea, upepo unaupeleka moshi mbali. Kwenye foleni, unakaa. Na sisi tulikuwa tumefunga madirisha, kiyoyozi kinavuta hewa ya nje.

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Ikiingia mwilini inang'ang'ania chembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Dalili zake za mwanzo ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mjamzito akilalamika hayo, nani atafikiria gari?

Tundu moja, malalamiko mawili. Ningeyakata masega, ningepata laki na nusu yangu, na ufa ungebaki palepale.

Gasketi, bolti na ufundi vilinigharimu elfu themanini. Mzee akafuta makosa, akaliendesha mpaka likapata moto, akaniita tena kwenye kioo. Nyongeza ya mafuta ilikuwa karibu na sifuri, sensa ya nyuma imetulia. "Masega yako mazima kabisa," akasema. "Nani alikwambia yameisha?" Sikumjibu.

Tulikwenda kliniki siku hiyohiyo tukaeleza kila kitu. Daktari akampima mama, akasikiliza mapigo ya mtoto, akatuambia wako salama. Mimi ndiye niliyelia pale, yeye akanipa leso. Siwezi kuapa kwamba kila kichwa kilichomuuma kilitokana na ufa ule. Ninachojua ni kwamba tangu wiki ile, foleni ilibaki ileile na Panadol zikabaki kwenye droo.

Kabla hujatoa hela

Haya ndiyo niliyojifunza. Kata ukurasa huu uweke kwenye gari.

Taa ikiwa inapepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama. Mara nyingi maana yake gari linamisi vibaya, na petroli isiyoungua inakwenda kuwakia ndani ya masega na kuyaua kweli. Ikiwa imewaka tuli na gari halijabadilika, una muda wa kufika gereji, lakini usiufanye kuwa miezi. Ikifuatana na taa ya oili au ya joto, zima injini.

Kabla fundi hajafuta chochote, piga picha namba zote, si ile ya kwanza tu. P0300 ni misi. P0171 ni mafuta machache kwa hewa. P0455 ni mvuke wa petroli unaovuja, na kwenye magari yenye mfumo huo chanzo kinaweza kuwa mfuniko wa tangi uliofungwa vibaya sheli. Zikitokea pamoja na P0420, anza na hizo, masega yawe ya mwisho.

Muulize fundi: "Umejuaje kwamba ni hicho?" Namba ya kosa ni lalamiko, haitaji jina la spea. Fundi mzuri atakuonyesha alichopima. Anayekasirika, chukua ufunguo wako.

Vipo vimashine vidogo vinavyounganishwa na simu, bei yake si ya kutisha. Ila baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani navyo, hivyo jaribu kabla ya kulipa.

Unanunua gari la mkononi? Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini inatakiwa iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha. Na gari linalojichunguza huweka orodha ya vipimo ilivyokamilisha. Mashine ikionyesha karibu vyote havijakamilika, huenda makosa yamefutwa jana, au betri imechomolewa.

La mwisho, watu wawili wakiumwa kichwa ndani ya gari moja, fungua madirisha, egesheni, shukeni, na mwende hospitali. Msinywe dawa ya maumivu mkaendelea na safari.

Binti yetu sasa anatambaa, na kazi yake kubwa ni kubonyeza kila kitu kwenye dashibodi. Kile kipande cha selotepu mama yake amekibandika ndani ya mlango wa kabati letu, upande wangu, nakiona kila ninapotafuta shati. Hatujawahi kukizungumzia. Ila siku hizi akiniambia kichwa kinauma, siendi kwenye droo. Nakaa chini na kuuliza kama yule mzee: tangu lini, na ulikuwa wapi?